Uliyoyajua Kazini Yaandike: Mwongozo kwa Mstaafu wa Ofisini

Siku yangu ya mwisho benki nilijaza fomu ya makabidhiano. Kitambulisho, kompyuta mpakato, muhuri, funguo za kabati la mafaili, kadi ya maegesho. Kila kitu kilikuwa na mstari wake na mtu wa kukipokea na kusaini. Nilikuwa nimekaa kwenye mikopo miaka 27, kuanzia 1996 hadi 2023, na nilipofika nyumbani Tabata jioni ile nikawaza kwamba kuna kitu kimoja hakuna aliyekidai, nacho ndicho kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote kukipata: namna ya kumtazama mtu, duka lake na daftari lake, ukajua kama mkopo utamwinua au utamzamisha.

Tangu hapo naandika. Makala fupi fupi, za Kiswahili, kwa wafanyabiashara wadogo na kwa vijana wanaoanza kazi ya mikopo. Wenzangu waliostaafu kwenye bima, bandari, viwanda na kampuni za simu huniuliza nilianzaje, na kila nikiwajibu kwenye simu naona nimeacha nusu. Mwongozo huu ni jibu lililokamilika zaidi. Mifano yangu itakuwa ya mikopo kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Wewe weka ya kwako.

Hatua ya kwanza: orodhesha maamuzi uliyoyafanya

Karibu sote tunaanza vibaya kwa namna moja. Tunakaa chini na kuandika "Mambo kumi niliyojifunza katika utumishi wangu". Yanayotoka ni uaminifu, bidii na nidhamu ya pesa. Ni kweli yote, lakini kijana aliye kaunta saa nne asubuhi, mteja kamkalia mbele na fomu mkononi, hawezi kufanya nayo chochote.

Nunua kaunta buku. Chora safu nne: mwaka, uamuzi niliofanya, kilichonifanya niamue hivyo, kilichotokea baadaye. Jaza mpaka yafike maamuzi 40. Utaona kumi ya kwanza yanakuja yenyewe, na ni yale uliyozoea kuyasimulia kwenye sherehe za kuagana. Endelea. Yenye mali huanza kutokea kuanzia la kumi na tano hivi, unapolazimika kukumbuka siku za kawaida.

Kumbukumbu ikigoma, nenda mahali. Mimi nilipanda mwendokasi asubuhi moja kutoka Gerezani hadi Kimara, nikawa nashuka kila nilipowahi kukagua biashara: Magomeni, Manzese, Ubungo. Kufika mbele ya fremu fulani tu, nilikumbuka mtu, mwaka, hata alivyokuwa amezipanga ndoo zake za rangi. Ofisini nisingekumbuka hayo.

Nikuonyeshe mstari mmoja wa daftari langu, nikiwa nimembadilisha mhusika kwa namna nitakayoieleza huko mbele. Mwaka 2012 nilipitisha mkopo wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi kandokando ya Barabara ya Morogoro. Mauzo yalikuwa mazuri, nyumba ya dhamana ilikuwa na hati, na hakuwahi kuchelewesha rejesho hata moja. Muda si mrefu mabati ya mkandarasi yakazungushwa mbele ya duka: ujenzi wa barabara ya mabasi yaendayo haraka. Wateja wake walikuwa watu wa kusimamisha kirikuu mlangoni, wakapakia saruji na nondo, wakaondoka. Sasa hapakuwa na pa kusimama. Mabasi yalipoanza kutembea Mei 2016, yeye alikuwa ameshafunga. Tulikuwa tumekagua daftari lake, hati yake na majirani zake. Hakuna kati yetu, nami nikiwemo, aliyeuliza barabara ile itakuwaje baada ya miaka miwili, na mradi ulikuwa unatangazwa magazetini.

Ningeweza kuandika hayo kwa sentensi moja, "ni muhimu kuchunguza mazingira ya biashara", na yangepita bila kumgusa mtu. Nilipoandika kisa chenyewe, kilimwachia msomaji swali la kubeba: mteja wako anaegesha wapi, na mwakani mahali pale patakuwepo? Ujenzi ule ulihamia Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, kisha Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, kisha Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Kila ulipofika, mtu mwenye duka alilihitaji swali lile lile.

Hakikisha nusu ya orodha yako ni maamuzi yaliyokwenda vibaya. Nalisisitiza hili kwa sababu kazini tumelelewa kuyaficha. Ripoti ya mwaka haina ukurasa wa "tulikosea hapa", na mtu aliyepanda cheo amefundishwa kusimulia ushindi. Lakini anayekusoma anataka kujua shimo liko wapi, na wewe ndiye uliyelitumbukia.

Hatua ya pili: mwandikie mtu mmoja unayemjua

"Wananchi" si msomaji. "Vijana" pia si msomaji. Chagua mtu mmoja mwenye uso, na kila ukikaa kuandika mweke mbele yako. Mimi nina wawili na huwa siwachanganyi kwenye makala moja: afisa mikopo wa mwaka wa kwanza, niliyewahi kumfundisha, na mama muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo anayekopa kwenye kikundi. Yule wa kwanza anahitaji kujua namna ya kukagua stoo. Wa pili anahitaji kujua afisa anapokuja stoo anatafuta nini.

Hatua ya tatu: sema kwanza, ndipo uandike

Hapa ndipo nilipotaabika zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sisi tuliofanya kazi makampuni ya Dar es Salaam tumeishi kwa lugha mbili zenye kazi mbili. Mteja alinieleza shida yake kwa Kiswahili. Nilimuuliza kwa Kiswahili, nikamkatalia au kumkubalia kwa Kiswahili. Kisha nilirudi mezani nikayaandika yote kwa Kiingereza, kwa ajili ya kamati ya mikopo, kwa maneno ambayo mteja mwenyewe asingeyatambua kuwa ni habari zake. Miaka 27 niliyapokea kwa lugha moja na kuyahifadhi kwa nyingine. Nilipokaa kuandika makala yangu ya kwanza, kilichotoka kilikuwa hiki:

"Uchambuzi wa mtiririko wa fedha ulibaini changamoto za ukwasi zilizotokana na uwekezaji katika mali zisizohamishika."

Ni Kiswahili, kila neno limo kwenye kamusi. Nilimsomea mtoto wa kaka yangu, anayeuza vipodozi Sinza, akaniambia, "Shangazi, hiyo ni taarifa ya habari."

Wiki iliyofuata alinipigia na shida yake mwenyewe. Nilimwomba ruhusa nikairekodi simu, na nikiisikiliza leo bado najifunza:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama, habari za dukani?"

"Ndo nilichokupigia. Ile milioni tatu nilipewa, ila duka linazidi kukauka. Sielewi."

"Pesa yenyewe uliinunulia nini?"

"Fremu nikaipaka rangi, nikaweka vioo, na taa zile za kuwaka pembeni."

"Na mzigo?"

"Mzigo nikasema nitaongeza kidogo kidogo."

"Basi pesa yako iko ukutani, mwanangu. Na ukuta hauuzwi. Rejesho la kwanza lini?"

"Tarehe tano."

Yote niliyotaka kusema kwenye ile sentensi ya ukwasi yamo humo: mkopo wa miezi michache umetumika kununua kitu cha miaka mingi, kisichozunguka, na rejesho halingoji. Makala niliyoiandika kutokana na simu ile inaitwa "Pesa Yako Iko Ukutani", na ndiyo iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua uamuzi mmoja kwenye daftari. Mtafute mtu ambaye hakufanya kazi yako, mwenye sababu ya kutaka kujua. Washa kinasa sauti cha simu, mweleze, na mruhusu akukatize. Kisha sikiliza na uandike ulivyosema, neno kwa neno. Baada ya hapo ndipo usafishe: toa marudio, panga mwanzo na mwisho, ongeza tarakimu. Sentensi ambayo usingeweza kuisema mbele ya mtu huyo bila yeye kukunja uso, itoe.

Kuhusu maneno ya kitaalamu, kabla ya kutafuta neno kwenye kamusi uliza wenye biashara wao wanasemaje. Sokoni Kariakoo mtu akikwambia amechukua "mali kauli", amekueleza kwa maneno mawili mpango mzima wa kupewa bidhaa leo na kulipa ukishauza, kwa kuaminiana. Kwenye ripoti tuliutumia aya nzima. "Mzunguko", "kausha damu", "marejesho" ni maneno yanayobeba mzigo na msomaji wako anayaishi. Pale ambapo neno rasmi lina kazi yake, litumie na ulieleze papo hapo. "Mikopo chechefu", kwa mfano, watu wanalisikia kila Benki Kuu inapotoa taarifa. Ukisema ni mikopo ambayo marejesho yake yamepitiliza siku 90, umemfungulia mtu habari zote za namna hiyo atakazosikia tena. Kamusi ije mwishoni, kukusahihisha.

Mtu akikwambia mambo ya ofisi hayaandikiki vizuri kwa Kiswahili, mkumbushe Shaaban Robert. Alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akatumikia serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na katika miaka hiyo hiyo ya utumishi akaandika, likiwemo simulizi la maisha yake mwenyewe.

Hatua ya nne: mfunike mtu, usilifunike jambo

Nitaanza na kosa langu. Katika makala zangu za mwanzo niliandika habari za mteja mmoja mjane aliyeokoa biashara ya marehemu mumewe. Nilimsifu mno. Nilibadilisha jina tu. Mtaa niliuacha, biashara niliiacha, na nikaacha kwamba ana watoto mapacha. Siku ya pili simu ikaita, ni mdogo wake. Hakugomba. Aliuliza, "Dada, ulimwomba ruhusa?"

Niliifuta makala jioni ile, na Jumamosi nikaenda kwa yule mama kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa chai. Lakini aliniambia kitu kilichobadilisha uandishi wangu: kuna ndugu wa mume ambao hawakuwa wakijua duka linaingiza kiasi gani, na sasa wanajua.

Sisi wa benki tunabanwa na sheria pia. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inamtaka mtumishi atunze siri za mteja, na tulikula kiapo kwa hilo. Kwangu mimi kiapo kile hakikukabidhiwa pamoja na kitambulisho. Na hata kama hukuwa benki, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Muuguzi, afisa rasilimali watu, mtu wa bima: sote tulishika habari za watu ambazo hazikuwa zetu.

Siku hizi nabadilisha mambo manne kwa uchache: jinsia, mtaa, bidhaa na mwaka. Mara nyingi naunganisha wateja wawili au watatu waliopitia jambo moja wakawa mtu mmoja, na mwanzoni mwa makala nasema wazi kwamba nimefanya hivyo. Lakini kuna kitu ambacho hutakiwi kukigusa, nacho ni namna jambo lenyewe linavyofanya kazi. Muuza nyanya wa soko la Ilala huwezi kumgeuza kuwa muuza misumari. Nyanya zinaoza, misumari haiozi, na kama shida yake ilitokana na kuoza, makala nzima imekufa. Mgeuze awe muuza samaki wabichi. Tarakimu nazo unaweza kuzipunguza au kuziongeza, ila uwiano wake ubaki: aliyekopa mara tatu ya mauzo yake ya mwezi abaki amekopa mara tatu.

Na kama biashara yenyewe ni moja tu mjini, hakuna kificho kitakachotosha. Omba ruhusa, au iache.

Kuhusu mwajiri wako wa zamani: usimtaje, wala usichukue fomu zake, sera za ndani au vikokotoo vyake. Usome tena mkataba wako wa kazi na barua ya kuachia kazi, kwa sababu mara nyingine vina masharti ya usiri yanayoendelea. Ukiwa na dukuduku na bosi fulani, andika kwenye karatasi nyingine na uiweke kabatini. Msomaji anainusa hasira tangu aya ya pili, na baada ya hapo hakuamini tena hata kwenye hesabu.

Hatua ya tano: weka hesabu mezani

Uzoefu wetu una faida moja ambayo watoa hamasa hawana: tumeona tarakimu. Zitumie. Makala yangu mojawapo ina hesabu moja tu, na bado watu wananitumia picha za mikataba yao kwa sababu yake.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 10, wa mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 20. Mkopeshaji wa kwanza anahesabu riba juu ya milioni 10 zote mwanzo hadi mwisho, ile tuliyozoea kuiita flati. Riba ni 2,000,000, na kila mwezi unarejesha 1,000,000. Mkopeshaji wa pili anasema asilimia 20 ile ile, ila anahesabu kwenye salio linalopungua kila unaporejesha. Kila mwezi utarejesha kama 926,000, na riba ya mwaka mzima itakuwa takriban 1,116,000. Bango ni moja, asilimia 20, na tofauti inakaribia laki tisa. Ukiigeuza ile ya kwanza ihesabiwe kama ya pili, unalipa asilimia 35 hivi. Swali la kwenda nalo dirishani ni moja: "Riba hii inahesabiwa kwenye mkopo wote au kwenye salio?"

Mwenye kazi nyingine ana hesabu yake ya aina hii. Mtu wa bandarini anajua gharama ya kontena likipitiliza siku za bure. Mtu wa bima anajua kwa nini mali ya milioni 50 iliyokatiwa bima ya milioni 20 hailipwi hasara yake kamili. Itafute hesabu yako, ifanye kwa mkono, kisha mpe mtu mwingine aifanye bila kumwonyesha jibu. Kosa la tarakimu moja kwenye makala ya pesa linaweza kumgharimu mtu.

Na ujue mpaka. Kueleza mkopo au hisa zinavyofanya kazi ni elimu. Kumwambia mtu anunue hisa za kampuni fulani ni ushauri wa uwekezaji, na hiyo ni kazi yenye leseni kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Hatua ya sita: pima kama uliyoyajua bado yapo

Kila nilichokijua kina tarehe. Nilipoanza kazi, mauzo ya mtu niliyasoma kwenye daftari na kwenye taarifa ya akaunti. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 sikuipa uzito wowote kama chanzo cha taarifa za mkopaji. Leo mauzo ya muuza chipsi yamo kwenye lipa namba yake, siku kwa siku, na afisa asiyeyaangalia hajui kazi. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vilikuwa mambo ya watu wenyewe, mpaka ikaja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliyoviingiza kwenye usimamizi.

Kwa hiyo kabla sijachapisha, makala huisoma kijana mmoja aliyeko kazini sasa. Nampa kalamu nyekundu na swali moja: "Kipi hapa hakifanyiki tena?" Mwanzoni aliona haya kumsahihisha mtu aliyewahi kuwa mkuu wake. Nilimwambia, mwanangu, ukiniachia kosa hujaniheshimu. Sasa anachora bila woga, na mara mbili ameniokoa nisifundishe utaratibu uliokwisha kufutwa. Kila mfano wa zamani nauwekea kipindi chake, hata pale nilipousogeza mwaka wenyewe ili kumfunika mtu, msomaji ajue anasoma habari za lini.

Hatua ya saba: pa kuchapisha na ratiba

Hapa sitakaa sana. Ukitaka gazeti, soma kwanza kurasa za biashara za Mwananchi, Nipashe au HabariLeo kwa mwezi mzima, uone urefu na aina ya makala wanazotoa, kisha mpelekee mhariri makala mbili zilizokamilika. Usimpelekee wazo. Ukitaka mitandao, chagua mmoja ambao msomaji wako yumo tayari. Muuza vitenge wangu hayuko LinkedIn, yuko WhatsApp na Facebook. Makala ikiingia WhatsApp itasambazwa bila wewe, kwa hiyo jina lako na tarehe viwe mstari wa kwanza na virudiwe mstari wa mwisho. Niliwahi kutumiwa makala yangu mwenyewe na mtu asiyejua ni yangu, ikiwa imekatwa mwisho na kubandikwa tangazo la mkopo. Tangu siku hiyo natunza nakala halisi ya kila makala kwenye barua pepe, yenye tarehe.

Maneno 600 hadi 800 yanatosha kwa uamuzi mmoja. Makala moja kila baada ya wiki mbili ni mwendo unaovumilika. Mimi huandika Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kabla joto halijapanda na kabla watu wa nyumbani hawajaanza kuniulizia chai. Usiahidi kila siku. Ukiahidi kila siku, mwezi wa pili utaanza kuandika methali.

Hatua ya nane: watu wakianza kukutafuta

Watakutafuta. Weka anwani ya barua pepe, usiweke namba ya simu. Wengi watakuja na ombi lile lile: "Mama, niunganishie mkopo, wewe wanakujua." Amua jibu lako kabla halijaja. Langu ni kwamba sitoi mkopo, siunganishi, wala sipokei pesa ya mtu kwa lolote, ila nitasoma hesabu zako na kukuuliza maswali. Nimekuwa mkali kwenye hili kwa sababu siku nikipokea laki moja ya "usumbufu", kila nilichoandika kuhusu madalali wa mikopo kitakuwa kimekwisha.

Akitokea anayekupinga kwa hoja, mjibu hadharani na kwa heshima. Akiwa na haki, rekebisha makala na uandike juu kabisa ulichorekebisha na lini. Mhasibu mmoja alinionyesha kwamba mfano wangu wa faida ulikuwa umesahau kodi ya pango. Nilirekebisha siku hiyo hiyo na kumshukuru.

Maswali mengine yote yaandike kwenye kaunta buku lile lile, upande wa nyuma. Swali likirudi mara tatu kutoka kwa watu wasiojuana, hiyo ndiyo makala inayofuata. Lililorudi mwezi huu ni la nyumba ya familia inayowekwa dhamana: mke au mume asaini wapi, aelezwe nini kabla hajasaini, na afisa afanyeje akiona mwenza ameletwa tu kutia dole gumba. Nina maamuzi matatu kwenye daftari kuhusu jambo hilo, mawili kati yake yananiuma mpaka leo, na Jumanne asubuhi nitampigia mtoto wa kaka yangu, niwashe kinasa sauti, nianze kumweleza.